Maji Yalifika Wapi?

Wasikilizaji wetu wa Uvira, wa uwandani, na nyinyi mnaotusikia toka Gatumba na Bujumbura, leo nina swali moja tu, na ningependa kila nyumba iliyo kando ya ziwa Tanganyika ilijibu kabla mvua kubwa hazijarudi.

Juma lililopita asubuhi niliteremka ziwani pale Kalundu kutafuta ndagala. Mitumbwi ilikuwa imekwisha kuingia, akina mama wanaanika mzigo mchangani, jua bado changa. Pembeni kidogo nikamwona mama mmoja amepiga magoti, anachimba kwa kipande cha panga. Mtoto mmoja mgongoni, mwingine wa miaka kama saba ameshika ncha ya kamba. Vishimo vilikuwa vinne, na ile kamba ilikuwa inapima nyumba. Nikamsalimu. Alivyoitikia tu, nikajua huyu ni wa kwetu.

"Mama, mnatoka wapi?"

"Lubarika, papa."

Mimi nimezaliwa Lubarika. Tukaulizana ya nyumbani: nani yupo, nani hayupo, mpunga ulioachwa shambani ulivunwa na nani, mfereji bado unapitisha maji? Akanieleza kwamba kiwanja kile amekipata kwa bei nafuu sana. Amelipa nusu, nusu iliyobaki atailipa akianza kuuza ndagala. Aliyemuuzia alimwambia ni mahali patupu, hapana ugomvi na mtu, na ziwa liko mlangoni, hatahangaika na maji ya kufulia. Aliyasema hayo kwa furaha. Nadhani ilikuwa furaha yake ya kwanza tangu alipofunga mlango wake na kukimbia.

Nyuma yake, ndani ya ziwa, hatua kama ishirini toka ukingoni, kulikuwa na safu ya matofali iliyochomoza juu ya maji. Imeota kijani, ndege mweupe amesimama juu yake. Wimbi likija safu inazama, likirudi inatokea tena, na ukitazama vizuri unaona pembe, pembe ya chumba. Nikamuuliza kama anajua ile ni nini. Akasema anadhani ni mahali wavuvi wanapofungia mitumbwi.

"Mama, ile ni nyumba. Nimekula bugali mle ndani."

Hakunijibu. Aliketi mchangani, panga mkononi, akaangalia vishimo vyake vinne, halafu akaangalia yale matofali.

Wasikilizaji, hilo ndilo lililonileta hapa leo. Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, watu wamekuwa wakiteremka Uwanda wa Ruzizi kwa miguu, kwa pikipiki, kwa malori, toka Kamanyola, Luvungi, Lubarika, Sange. Desemba vita vikateremka kwa barabara ile ile, na tarehe 10 waasi wa M23 wakaingia Uvira yenyewe. Wengine wakavuka kwenda Burundi, wengine wakashika njia ya Fizi, wengine wakapanda maboti kuelekea Kigoma. Walipopata pa kupumzika, wengi walijikuta mahali pamoja, ukingoni mwa maji. Mkimbizi hupewa ardhi iliyobaki, na huku kwetu ardhi iliyobaki iko katika sehemu mbili: mchanga wa ziwa, na bonde la mto. Milima ya Mitumba imetubana upande mmoja, ziwa upande wa pili, katikati pamejaa watu. Kwa hiyo ukiona kiwanja kitupu kando ya ziwa, katika mji uliojaa namna hii, usishangilie kwanza. Uliza kwa nini ni kitupu.

Swali hilo mimi sikulijua kwa akili yangu. Nilifundishwa, na nitawaambia nilivyofundishwa.

Vita vya 1996 vilitufikia sisi mapema. Tarehe 6 Oktoba hospitali ya Lemera, hapo juu yetu mlimani, ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Kabla mwezi haujaisha Uvira nayo ilikuwa imekwisha kutekwa. Mama yangu alitubeba, tukalala porini, tukazunguka huku na huku, na mambo yalipotulia kidogo tukajikuta Kalundu, kwa mzee mmoja mvuvi, Mvira kwa kabila, ambaye hakuwa ndugu yetu wala rafiki yetu. Alituona tumekaa chini ya mti wake, akatuuliza kama tumekula.

Sisi watu wa uwandani tunayajua maji, lakini tunayajua ya mfereji. Maji ya mfereji yanatii jembe. Ukifungua tuta yanaingia, ukiziba yanakwenda kwa jirani. Ziwa lilimtisha mama. Usiku alikuwa anasema maji haya hayalali. Na hakutaka kuyazoea, kwa sababu kuyazoea ilikuwa sawa na kukubali kwamba Lubarika imekwisha. Furushi lake alilifunga akaliweka karibu na mlango, na furushi lile lilikaa pale limefungwa miaka miwili. Kila aliyemuuliza alijibiwa, "Sisi tunarudi mwezi ujao."

Hapo ndipo penye jambo zito, akina mama na akina papa mnaonisikia. Mtu anayeamini atarudi mwezi ujao hachagui kiwanja. Haulizi upepo unatoka wapi, haulizi choo kitachimbwa wapi, haulizi maji yalifika wapi. Anasema hapa ni pa siku chache, nitie turubai tu. Halafu siku chache zinakuwa msimu, msimu unakuwa mwaka, turubai linakuwa udongo, udongo unakuwa matofali, watoto wanazaliwa. Siku moja anagundua amejenga maisha yake yote mahali ambapo asingejenga hata banda la mbuzi kama angejua anakaa. Sisemi tusiitamani nyumbani. Mimi nina miaka mingi hapa na bado nikiamka alfajiri ya mvua nawaza mpunga. Lakini kuitamani Lubarika hakukuzuii kulala mahali pa usalama hapa. Hata kama ni usiku mmoja, ulale juu.

Yule mzee alimwona mama yangu anataka kutia miti ya kibanda mchangani. Hakumgombeza. Alimshika mkono, mimi nikiwafuata nyuma, wakapanda mpaka kwenye mwembe mkubwa uliokuwa mbali kabisa na maji, mbali kiasi kwamba mama alidhani anamwonyesha mpaka wa shamba. Kwenye shina kulikuwa na kovu la panga, la zamani, gome limelizunguka kama midomo. Mzee akaweka kiganja chake pale. Akasema: "Mwanangu, mwaka 64 maji yalifika hapa. Baba yangu alitia alama kwa mkono wake. Chini ya hapa funga mtumbwi, anika ndagala, panda lenga lenga. Kulala, lala juu."

Mama alicheka. Toka mwembe ule mpaka ukingo wa ziwa mtu angeweza kuchezesha mpira. Lakini alikuwa mgeni, na mgeni hambishii mwenyeji wake, basi akajenga juu.

Miaka 25 ikapita. Mwaka 2021 ziwa likapanda, likarudi nyuma kidogo, na mwaka 2024 likapanda tena. Bandari ya Kalundu ikaingiwa na maji. Gatumba watu wakahama, Bujumbura nyumba za ufukweni zikazama. Mtaani kwetu maji yalikuja polepole, leo yako kwenye mgomba, juma lijalo yako mlangoni, mwezi ujao samaki wadogo wanaogelea sebuleni kwa jirani. Yalipanda mpaka shina la ule mwembe, yakasimama. Nyumba ya mama haikulowa. Mzee alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi. Mama alikwenda akaweka kiganja chake kwenye lile kovu, akalia kama aliyefiwa upya.

Ziwa letu si la kuchezewa. Lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina cha mita 1,470. Duniani kote linapitwa kwa kina na ziwa Baikal la Urusi peke yake. Linapokea Ruzizi yetu hapa kaskazini, linapokea Malagarasi toka Tanzania, linapokea mito ya milimani isiyohesabika, na mvua juu yake. Lakini mlango wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga, pale Kalemie. Maji mengi yanaondoka kwa kunyonywa na jua. Zikija mvua nyingi miaka miwili, mitatu mfululizo, jua halimalizi kazi, na Lukuga haiwezi kumeza yote. Ndiyo maana ziwa linapanda kidole kwa kidole, na kushuka kwake pia ni kwa miaka. Mtu anayelitazama kwa mwezi mmoja anadhani limetulia. Kulijua kunahitaji mtu aliyeliona miaka 60, au mtu aliyeambiwa na mwenye kuliona.

Na habari hii ni ya zamani kuliko wazee wetu. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Cameron alipofika Lukuga alikuta mto umezibwa na matete na tope, na ziwa lilikuwa linapanda. Msafiri mwingine, Stanley, aliyefika Ujiji mwaka 1871, alirudi mwaka 1876 akakuta miti iliyokuwa sokoni sasa imesimama ndani ya maji. Karibu na mwaka 1878 kizibo kikapasuka, ziwa likaanza kuteremka, likateremka mita kadhaa kwa miaka. Kisha mvua za mwanzoni mwa miaka ya 60 zikalijaza tena, na si letu peke yake, hata Victoria lilipanda wakati ule. Kwa hiyo mchanga tunaoukanyaga leo pale chini ni sehemu ya ziwa ambayo ziwa halijaihitaji kwa sasa.

Mito ndiyo mibaya zaidi, maana mto haukupi miezi ya kuhamisha vitanda. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulishuka na mawe na magogo, ukabeba nyumba, ukabeba daraja, ukaua makumi ya watu hapa hapa mjini. Mei 2023, pale Kalehe kando ya ziwa Kivu, Bushushu na Nyamukubi, mafuriko yaliua zaidi ya watu 400, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Mei 2025 kijiji cha Kasaba, katika Fizi, kando ya ziwa hili hili letu, mto ulifurika usiku watu wamelala. Viongozi walitangaza waliokufa kuwa zaidi ya 100. Wakati huo tulikuwa na vita, redio zote zilikuwa zinasema vita, na maiti za Kasaba zilipita kwenye habari kwa siku mbili, basi. Mimi naona hilo lilikuwa kosa letu sisi watu wa redio, na nawaomba radhi.

Mtu anayekimbia hatari moja macho yake yote yako nyuma. Hili si la Wakongomani peke yao. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ulitikiswa na tetemeko kubwa watu wakiwa makanisani. Waliookoka wakakimbilia ukingoni mwa mto Tagus, palipo wazi, mahali ambapo hakuna ukuta wa kuwaangukia. Walikuwa na haki ya kukimbilia pale. Muda mfupi baadaye bahari ikaja na mawimbi makubwa, ikawachukua pale pale walipojiokoa. Ninaposoma habari ile nawaona watu wetu na mafurushi yao wakishukuru Mungu wamefika mchangani Kalundu.

Mwenyeji, sasa nasema nawe. Najua umechoka. Familia nyingi za Uvira zimewapokea wageni tangu 1996, wimbi baada ya wimbi, chumba kimoja watu kumi, sufuria moja inagawanywa mpaka inakuwa ukoko. Wengi wa waliokimbia huku mashariki mwa Kongo hawajawahi kulala kambini, wamelala kwako. Sikuombi unga zaidi. Naomba ulimi wako. Mwambie mgeni maji yalifika wapi. Mwambie mto wenu una tabia gani usiku wa Aprili. Mwambie mamba wako upande gani, na kwamba viboko wanatoka majini usiku kuja kula bustani, asiende kuwafukuza kwa fimbo akidhani ni ng'ombe wa jirani. Mwambie maji ya ziwa yachemshwe au yatiwe dawa, maana mtu wa kisima cha uwandani akiona maji meupe namna hii anaona ni safi, na kipindupindu mji huu kinaujua nyumba kwa nyumba. Mwambie usiku wa mbalamwezi wavuvi hawapati kitu, asikope mtaji wa ndagala juma lile. Haya kwako ni maneno madogo, umeyajua tangu unyonyeshwe. Kwa mtu wa Lubarika ni elimu ya shule nzima.

Na wewe unayeuza mchanga. Nakuheshimu, sitakutaja, na labda nawe una njaa. Lakini unajua kilichoko chini ya kile kiwanja. Uliiona ile nyumba ikizama. Ukipokea pesa ya mjane wa vita ukanyamaza, umemuuzia maji. Mrudishie pesa yake.

Viongozi wetu pia wana kazi hapa, na mfano hauko mbali. Burundi sheria inakataza kujenga ndani ya mita 150 toka ziwani. Tanzania, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60. Sheria hizo zinavunjwa, najua, hoteli zinajengwa mpaka majini. Lakini zipo, na mtu anaweza kuzishika mkononi akasema hapana. Sisi tunangoja nini? Na ikiwa mji hauna pesa ya kupima, shefu wa avenyu ana macho, ana wazee, na kopo la rangi nyekundu halihitaji mradi wa wazungu. Achukue wazee wawili walioona 2024, watembee avenyu nzima, na kila ukuta, kila mwembe, kila nguzo ya umeme maji yalipofika watie mstari. Wakimaliza ziwani wapande kando ya mito ya Mulongwe na Kalimabenge, watie mstari wa 2020. Kazi ya siku moja. Mgeni atakayekuja kesho, hata kama hajui kusoma, hata kama amefika usiku na watoto wanalia, atauona mstari na atauliza.

Naomba Jumamosi hii tuanze. Kalundu nitakuwepo mwenyewe, saa mbili asubuhi, pale kwenye mwembe wa mama yangu, na rangi nitakuja nayo.

Yule mama wa Lubarika amefukia vishimo vyake. Kwa sasa yeye na wanawe wanalala kwa mama mmoja muuza ndagala, juu ya barabara, chumba kimoja. Pesa yake hajarudishiwa bado. Ana mikono ya kazi, anajua kulima mpunga, muhogo na nyanya, na anatafuta kiwanja kidogo au chumba cha kupanga, popote palipo juu ya mstari. Mwenye nacho amwone shefu wa avenyu, au apite hapa redioni aache jina lake mlangoni.